Dola Mbili

Cherehani kilikwenda kwa dola mia nane,
kikapakiwa nyuma ya pikapu na mtu wa Winnipeg
aliyevaa glavu mpya na hakuuliza kilikuwa cha nani.
Mimi nilinyooshea kidole bati la biskuti.
"Hilo?" akasema Cornelius Loewen, pua nyekundu kwa baridi ya Machi.
"Takataka za Mama hizo. Dola mbili. Au lichukue tu."

Nililipa.
Margaretha hakuwahi kunipa kitu bure,
sikutaka aanze akiwa kaburini.

Nyumbani nikalimimina juu ya meza, likalia kama mvua ya mawe.

Sabuni ya kuogea, imelika hadi kuwa nyembamba kama ukucha:
chaki yake ya kuchorea kitambaa cheusi.
Mstari wa sabuni, alisema, hauweki kinyongo;
ukiuosha, umekwisha.
Sumaku ya spika, iliyong'olewa kwenye redio ya trekta
siku redio ilipokata roho katikati ya bei za ngano.
Aliifunga kamba ya kiatu,
akaitembeza sakafuni kila magharibi kama mbwa mzee,
ikimezea pini zote
kabla wajukuu hawajaingia na nyayo tupu.
Kidole kimoja cha glavu ya kuoshea vyombo.
Nilikivaa. Bado kinashika:
sindano iking'ang'ania kwenye mshono mnene,
hiki huing'oa kama jino la mtoto.
Na kijiti cha kulia wali, kimoja, hakina mwenzake,
cha kusukumia pembe zitoke.
"Pembe haisukumwi kwa mkasi," alinifokea
mwaka ule nilipotoboa nyota nzima.
"Mkasi una haraka zake."

Alhamisi, chini ya kanisa, tulikaa wanane kuzunguka fremu,
theluji imepanda hadi madirishani,
Justina Penner akaja na rula inayotoa mwanga mwekundu,
dola arobaini na tisa, betri mbali.
Margaretha akaitazama juu ya miwani.
"Inashona?"
"Haishoni. Inaonyesha njia."
"Utepe wa wapaka rangi nao unaonyesha njia,
na hauli betri."
Akabandua mmoja mkononi mwa sweta yake,
akaubandika juu ya mfarishi, akashona kando yake,
mstari umenyooka kuliko reli ya kwenda Regina.
Tulicheka wote isipokuwa Justina.
Mimi nilicheka kidogo tu. Nilikuwa na kesi naye.

Kipitisha uzi: kijibati chepesi,
uso wa mwanamke umechapwa juu yake,
na waya mwembamba kama unywele.
Senti sabini na tano, dukani kwa Friesen.
Aliniazima mara moja, majira ya majani kupukutika.
Nilipokidai, hakuapa, sisi hatuapi;
alitikisa kichwa tu,
na kwetu hiyo ni zaidi ya kiapo.
Miaka kumi na tisa tukashona pande mbili za mfarishi mmoja,
sindano zetu zikikutana katikati,
sisi hatukutani.

Kilikuwa kwenye kona ya bati, kimenasa chini ya vifungo.
Kwa dola mbili nimenunua mali yangu mwenyewe.
Uso wa mwanamke umefutika wote,
hata pua haionekani.
Dole gumba halifuti bati kwa mwezi mmoja.
Kumbe macho yalikuwa yakimtoka siku nyingi,
na hakumwambia mtu,
yeye aliyetukagua mishono kwa kucha.

Nilikasirika, nikachemsha kahawa, nikaiacha ipoe.
Kisha nikachukua sindano na uzi wa buluu,
nikajaribu kwa macho yangu haya.
Mara nne.
Ya tano nikatia waya.

Alhamisi Justina akakiona mkononi mwangu.
"Si ndicho kile alichokuibia?"
"Alikiazima," nikasema.
Nikamtupia ng'ambo ya fremu,
maana tangu asubuhi alikuwa akiramba ncha ya uzi
na kudai taa ni mbovu.
"Kirudishe," nikamwambia.